Kaye ya Simu za Batu

Mpaka leo nikipita mbele ya kanisa letu pale Baraka ninageuza uso upande wa ziwa, kama mutu anayeangalia kama mitumbwi imerudi, kumbe naona haya tu. Bamama ba kwaya bakiniona bananiuliza, "Mama Antene, leo tuko wangapi ndani?", halafu banacheka mpaka banashika magoti. Basi bora nieleze mi mwenyewe, juu mukisikia kwao bataongeza chumvi, na chumvi yenyewe ilikuwa ya kutosha.

Ilikuwa wakati ule vita iko juu kwenye milima, na batu ba Lubondja banashuka Baraka na magodoro kichwani. Mi nilikuwa na antene. Si ile ya kusikilizia radio, hapana, sahani nzima juu ya bati, inaongea na satelite, na bakiliya banalipa kidogo banashika koneksio kwenye simu zao mpaka kanisani, juu nyumba yangu na kanisa ziko ukuta kwa ukuta. Hebu fikiria: mwanamuke, sekondari sikumaliza, na bado mutu akitaka kuona uso wa ndugu yake aliyeko Ulaya ni lazima apitie kwangu. Nilijisikia, siwezi kuficha. Nilikuwa natembea katikati ya barabara, pikipiki ndizo zinanipisha.

Sasa fundi aliyekuja kufunga ile sahani alikuwa ameniambia neno moja: mwenye kuuza koneksio akijua vizuri vyombo vya bakiliya bake, hahangaiki, anajua nani ana shida na shida yenyewe iko wapi. Neno likanikaa kichwani. Nikanunua kaye, daftari kubwa yenye jalada gumu, nikaanza kuandika kila simu ya kila mutu, na kwa haki ya Mungu ilisaidia. Kulikuwa mama mumoja muuza samaki kutoka Swima, kila siku ananitukana koneksio yangu mbaya, nikatazama nikaona ni simu yake imezeeka, haiwezi kukimbia hata ungeifunga nyuma ya pikipiki. Wiki ingine kila mutu analalamika, nikagundua ni televisheni ya baa moja inacheza mpira mchana kutwa, nikaenda kuongea nao kwa upole, koneksio ikapona. Bakiliya bakanisifu. Pale ndipo ningesimama.

Lakini sifa zilishanipanda. Nikaanza kuandika pia nani anaingia saa ngapi, na anaongea na nani (batu benyewe bananieleza, bakingoja pale ukutani banaeleza maisha yao yote). Mama Faida kwa mfano. Yeye alikimbia Lubondja na batoto, bwana yake akabaki kulinda mihogo. Kila asubuhi saa mbili anasimama kwenye ukuta wangu na simu yake ya kioo kilichopasuka, na kule bwana anapanda kilima mpaka pale rezo ya simu inashika, banasalimiana dakika chache, basi. Nikaandika yote, na mwandiko wangu muzuri: jina, simu, saa, Lubondja.

Halafu Siku ya Mungu moja nikamuomba pasta dakika mbili kwenye matangazo, ili niambie batu baje kuandikisha simu zao zote. Jambo dogo. Nikavaa kikwembe kipya, nikabeba kaye na ordinatere, ile mashine inayonionyesha nani ameingia kwenye koneksio, nikasimama mbele. Kumaliza tu kueleza, Shemasi Wilondja, muzee anayeheshimiwa na kila mutu, akasimama akasema kwamba pale ni nyumba ya sala na hakuna mukristo anayeingia na simu. Batu bakaitika amina. Mutu mwenye akili angesema aksanti na kukaa. Mi nikafungua ordinatere.

"Muzee," nikasema, "mashine inaonyesha simu makumi tatu na ine ziko wazi humu ndani sasa hivi."

Kanisa likacheka, na kile kicheko ndicho kiliniharibu. Nikataka baone mi najua mengi zaidi ya pale. Nikafungua kaye nikasoma kwa sauti: kwa mfano Mama Faida, kioo kimepasuka, kila siku saa mbili, anaongea na Lubondja.

Kicheko kikakatika. Nyuma karibu na mulango kulikuwa baaskari batatu bamekaa na bunduki katikati ya magoti, kama kila Siku ya Mungu, na wakati ule mutu mwenye kuongea na milima, kule adui bao bako, alikuwa mutu wa kuulizwa maswali, na bengine baliulizwa hawakurudi. Mama Faida akainamisha kichwa, akaingiza simu chini ya kikwembe. Nikasikia mikoba inafunguliwa na kufungwa, batu banazima simu. Nikaangalia ordinatere: makumi mbili na tisa. Kumi na saba. Sita. (Na mi mujinga bado nasoma hesabu kwa sauti, sijui nilifikiri namusaidia nani.) Ikabaki moja.

"Na hiyo moja?" Shemasi akauliza.

Nikatazama jina. Ilikuwa yangu. Iko kwenye mukoba pale miguuni pangu, inashusha filamu tangu sala ya kufungua.

Weee, kanisa lilipasuka. Pasta mwenyewe alificha uso nyuma ya Biblia, mabega yanatetemeka. Mama Faida peke yake hakucheka, na ni yeye nilikuwa namuangalia.

Kesho yake, saa mbili, ukuta wangu mutupu. Kesho kutwa, vile vile. Sahani iko juu inaongea na mbingu peke yake, na kule Lubondja kuna mwanaume anapanda kilima na simu haipokelewi. Shemasi akaja kwangu, hakunigombeza hata. Aliniambia tu, "Mama, wakati wa vita ya kwanza baaskari balikuja kuhesabu mitumbwi yetu. Kwa upole, na kaye kama yako. Wiki iliyofuata hatukuwa na mitumbwi."

Nikachukua kaye nikaenda pale Mama Faida alikuwa amepangishwa. Nilimukuta na maharagi kwenye mbabula ya makaa. Nikamuomba musamaha, nikamupa kaye yote. Akauliza ukurasa wake ni upi, nikamuonyesha, akauchana mwenyewe akautia kwenye moto, halafu zingine, moja moja, mpaka jalada. Tulikaa pale mpaka maharagi yakachemuka. Ndipo akasema, "Kesho saa mbili." Nikarudi nyumbani nikafuta majina yote kwenye mashine, nikaacha namba tupu: simu ngapi, na gani inakokota. Kwa kutengeneza koneksio inatosha kabisa.

Siku chache baadaye, asubuhi, mumoja wa bale baaskari batatu akaingia kwangu. Akasalimia vizuri, akakaa, akasema amekuja kuangalia ile kaye, anataka kujua nani anaongea na milima. Nje, nyuma ya ukuta ule ule, Mama Faida alikuwa amesimama na simu kwenye sikio.

"Ilipika maharagi, shefu," nikasema.

Alifikiri namuchezea. Akageuza ordinatere upande wake, akakuta namba tu. Akatafuta ile inayokula koneksio kupita zote, akaweka kidole pale. "Hii ni ya nani?"

"Hiyo naijua, shefu. Ni yangu. Inashusha filamu."

Akaniangalia. Naye alikuwa kanisani Siku ya Mungu ile. Akaanza kucheka polepole, akapangusa macho, akachukua bunduki yake akaenda.

Niliwahi kujivunia kuwa mwanamuke anayejua simu zote za Baraka. Leo najivunia zaidi ile asubuhi niliulizwa na sikuwa na cha kusema. Jina la mukiliya sitaandika tena, kwenye kaye wala kwenye mashine, na bamama ba kwaya bacheke mpaka bachoke. Shefu alipotoka nilibaki nimeshika meza, nikasikia kupitia ukuta Mama Faida anamuuliza bwana yake kama mvua imenyeshea mihogo.