Bibi alitandika nyasi, mimi natandika tabaka

Leo nimetokwa na machozi kwenye kikao cha kazi cha mtandaoni, kamera ikiwa imewashwa.

Tunatengeneza modeli ndogo ya lugha, yaani akili bandia ya kuandika na kujibu maswali, ya kutumika kwenye simu. Modeli ni tabaka za hesabu, moja juu ya nyingine, na maneno yanapita humo kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Nikapendekeza zisilingane: za mwanzoni ziwe nyembamba, za mwishoni ziwe nene, lakini ukubwa wa jumla ubaki uleule.

Mwenzetu Rehema akauliza, "Kwa nini usigawe sawa tu?"

Grafu nilikuwa nazo. Sijui ilikuwaje nikaanza kumsimulia Bibi!

Krismasi kwake kijijini Muleba alikuwa anatandika nyasi mbichi sakafuni, za kukalia. Mzigo wa nyasi ni mmoja tu. Mlangoni anatupia chache, watu si wanapita tu? Pale tunapokaa wajukuu anazirundika mpaka tunazama.

(Nikajua nimeshaharibu.)

Kisha Rehema akasema, "Nimekuelewa. Na Bibi mwenyewe alikuwa anakaa wapi?"

Jamani.

Miaka yote hii sijawahi kujiuliza.

Mlangoni. Bibi alikuwa anakaa mlangoni.

Na kwenu, nani alikuwa anakaa penye nyasi chache?