Fomu Isiyomjua Mjomba

Saa kumi na moja alfajiri, tanuri la pili linafunguliwa na harufu ya mkate wa siagi inatanda sehemu yote ya nyuma ya duka. Adwoa Tiwaa Amoateng, mwenye umri wa miaka arobaini na mbili, anavuta trei ya kwanza, anageuza mkate mmoja, anaugonga kitakoni kwa kidole na kusikiliza.

"Huu tayari," anawaambia waokaji wenzake wawili. "Ile trei ya ndani iacheni kidogo. Msiniaibishe mbele za watu."

Leo ni Jumatano. Jumamosi anatakiwa kuwa kwao, mjini Bekwai, kumzika baba yake, na ruhusa hana. Kwenye kompyuta ya kampuni, baba yake alishakufa mwaka jana.

Marulani ni kampuni ya maduka makubwa yenye makao Johannesburg. Ilipofungua tawi hapa Kumasi miaka minne iliyopita, ilileta kila kitu kutoka kwao, hata donge la unga wa mkate, likiwa limegandishwa kwenye maboksi. Mkate uliotoka humo ulikuwa mkavu, hauna utamu, na kwa miezi mitatu ulitupwa kwa magunia.

Adwoa wakati huo alikuwa mfagiaji. Siku moja alimfuata meneja akiwa na ufagio mkononi.

"Nilimwambia, bosi, huu mkate wenu ni wa wagonjwa," anasimulia. "Mtu wa hapa akiuminya mkate anataka uinuke tena. Akanitazama, akacheka, akaniambia haya, oka wa kwako tuone."

Aliuoka wa kwake. Leo tawi linauza mikate mia tisa kwa siku, na yeye ndiye mkuu wa jiko la mikate kwa mshahara wa cedi 2,600 kwa mwezi. Mshahara huo ndio unaosomesha watoto wake wawili.

Kwa hiyo kampuni inajua kusikiliza ikitaka. Iliuliza watu wa Kumasi wanakula nini. Haikuuliza wanazika nani.

Mwaka jana alifariki Kwabena Frimpong, kaka wa mama yake Adwoa. Kwa Waasante, mtu ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye nguzo ya ukoo huo. Frimpong ndiye aliyemlipia ada tangu darasa la kwanza, na ndiye aliyekaa na wakwe siku ya kuolewa kwake. Mpwa asiyeonekana kwenye msiba wa mjomba, afadhali asirudi tena nyumbani.

Adwoa alifungua fomu ya likizo ya msiba. Palikuwa na baba, mama, mume au mke, na mtoto. Basi.

Aliyemwokoa, au aliyemponza, ni Akyaa, mshika fedha wa kaunta ya nne.

"Dada Adwoa, wewe andika baba," alimwambia. "Kompyuta ina macho? Mimi mwenyewe nimemzika mama yangu humo, na jana tu tumekula naye fufu."

Aliandika baba. Akapata siku tano, na wenzake wakamchangia. Mzee Yaw Amoateng, baba yake mzazi, alikuwa mzima wa afya shambani kwake.

Miezi miwili baadaye Mzee Amoateng aliingia dukani na fimbo yake, akasema kwa sauti kwamba amekuja kumwona binti yake. Akyaa nusura aanguke kwenye kiti. Walimpitisha mlango wa nyuma haraka, wakampa mkate wa moto na soda.

"Aliniuliza, mwanangu, mbona hapa kwenu watu wananikodolea macho?" Adwoa anasema. "Nikamwambia ni shati lako, baba, limependeza." Anacheka, kisha kicheko kinamkatika. Anajifuta uso kwa aproni na kurudi kwenye tanuri.

Wiki sita zilizopita mzee huyo alilala usingizi wa mchana asiamke. Kama ilivyo kawaida hapa, mwili uliwekwa mochari hadi ukoo upange siku ya mazishi. Kwa desturi, jeneza la baba hununuliwa na watoto wake, na mkubwa ndiye anayelikabidhi mbele ya ukoo wa marehemu. Adwoa ndiye mkubwa.

Alikwenda ofisini kwa meneja, Garikai Mutasa, raia wa Zimbabwe ambaye kampuni imeshamhamisha nchi tatu.

"Bosi, nimefiwa na baba."

"Pole sana, mama." Mutasa alifungua kompyuta, akasoma. "Lakini baba si alikufa mwaka jana? Mimi mwenyewe nilichanga."

"Yule alikuwa mjomba, bosi."

"Sasa kwa nini hukusema mjomba?"

"Ningemwandika wapi? Fomu yenu haina mjomba."

Mutasa hapendi kulizungumzia jambo hili, ila hakatai. "Hata kwetu mjomba ni mtu mzito," anasema. "Lakini fomu ni moja kwa nchi tisa. Ukiigusa hapa, umeigusa kote. Nimewaandikia Johannesburg. Wamesema watalijadili Machi."

Majibu yanayomhusu Adwoa hayakungoja Machi. Yalifika Jumatatu: amepewa onyo la mwisho kwa kudanganya, siku za msiba wa baba alishazitumia, na asipofika kazini Jumamosi atakuwa amejifukuzisha mwenyewe.

Ni kweli alidanganya, na mwenyewe anakiri. Lakini inauma kumwona mwanamke aliyewafundisha wageni mkate wa mji wake akiambiwa achague kati ya tanuri na jeneza la baba yake.

Adwoa ameshachagua. Nguo nyeusi na nyekundu za msiba zimekunjwa ndani ya mfuko chini ya meza ya kukandia unga, na Ijumaa jioni atapanda gari la Bekwai. Wakimfukuza, atajenga tanuri la udongo uani kwake Bantama na kuanza upya.

"Wateja nawajua kwa majina," anasema. "Kazi nitapata. Baba mwingine sipati."

Saa moja asubuhi, mikate ikiwa imeshapangwa, anavua aproni na kwenda tena kugonga mlango wa Mutasa. Safari hii haombi ruhusa. Anaomba meneja afute kilichoandikwa mwaka jana na kuandika tarehe ya kweli kabla ya Jumamosi.

"Barua yao ya kunifukuza wailete tu, nitaipokea," anamwambia. "Lakini rekebisha kwanza, bosi. Baba yangu aliishi mwaka mzima ambao nyinyi mnasema hakuwepo. Alipanda mihogo mwaka huo. Alimpa mjukuu wake jina. Mimi ndiye niliyemnyang'anya, na sitaki azikwe bila huo mwaka wake."