Taa Zilizowaka Kila Alipotoka Rutamba

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya serikali pale Lindi sikushika hata fyuzi. Msimamizi wa Umeme alinipa kipande cha msasa, akaniambia nisugue boliti za ethi za magari yote yaliyokuwa uani. Ethi ni njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi ya gari. Njia hiyo ikiziba kwa kutu, gari zima linayumba. Madereva walipita wakiuliza kama siku hizi karakana inaajiri wasichana wa kusugua masufuria. Msimamizi hakuinua kichwa.

"Gari likiwazimikia Nangurukuru," alisema, "mtamkumbuka."

Shule niliishia darasa la saba. Mengine yote nilifundishwa na mtu huyo. Taa ya dashibodi, alituambia sisi wanafunzi wake, ni shahidi: inasema ilichokiona, haijui nani mkosaji. Na kuna jambo alilolirudia mpaka tukawa tunalimalizia wenyewe, kwamba fundi akificha alichokikuta, hitilafu itarudi na jina lake.

Baadaye nikahamishiwa Kilwa Masoko, chini ya Mkuu wa Karakana ambaye hakupenda maneno mengi. Kule hewa ya bahari hula shaba mpaka inaota ukungu wa kijani. Mkuu hakuruhusu kifaa chochote kibadilishwe kabla hujamwonyesha mita inasoma nini. Ukimwambia "nadhani," anageuka na kuondoka. Nilimwogopa, lakini mikono yangu ilitulia. Nilipoacha kazi ya serikali nikafungua banda langu Mingoyo, pale njia panda, na sijawahi kukosa gari la kutengeneza.

Ndipo likaja gari la spoti la Hamisi. Lilikuwa jekundu, milango miwili, chini kiasi kwamba nilipiga magoti kuchungulia ndani. Hamisi alizaliwa kijijini Rutamba, biashara yake iko Dar es Salaam. Alikuwa amemchukua mama yake, Bi Zaituni, kumpeleka hospitali Lindi, na njiani dashibodi ikawaka yote: breki, injini, usukani, mifuko ya hewa.

"Shikamoo mama fundi. Hili gari limenishinda."

"Marahaba, mwanangu. Limeanza lini?"

Akasema ni kila anapotoka nyumbani kwao. Dar es Salaam mafundi walishabadilisha betri, wakabadilisha altaneta, ile mashine inayozalisha umeme injini ikiwaka, wakazima taa kwa kompyuta. Zinakaa kimya. Akija Rutamba, akiondoka tu, zinarudi. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, ili mama yake aliyekaa kivulini asisikie, kwamba amechoka. Watu wa kwao hawamtakii heri. Akishamrudisha mama, hatakuja tena, atakuwa anatuma tu matumizi.

Sikubishana naye. Mifumo minne haiharibiki kwa mpigo. Ikilalamika pamoja, tafuta kitu inachokitumia kwa pamoja. Betri ya gari lile ilikuwa nyuma, ndani ya buti. Nikawasha taa kubwa na feni, nikagusisha ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri, nyingine kwenye bodi. Ethi ikiwa nzima, mita husoma karibu na sifuri. Yangu ilipanda, ikashuka, ikapanda. Hamisi akaenda kununua maji, mimi nikainua zulia la buti.

Boliti ya ethi ilikuwa imevimba kwa kutu. Kando yake kulikuwa na vifundo vya kaniki. Vingine vilishaoza, vingine vilikuwa vipya, na vyote vilikuwa vimelowa. Nikafungua kimoja: chumvi ya mawe. Chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewa, ikayeyuka taratibu, ikatiririkia kwenye boliti; na kila mashimo ya barabara ya Rutamba yalipoitikisa boliti hiyo iliyoliwa, umeme ulikatikakatika.

Nilipogeuka, Bi Zaituni alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Rudisha, dada," alisema. "Ni kinga. Unajua macho ya watu kwa gari kama hili."

"Umeweka mara ngapi?"

"Kila anapokuja. Akinipigia kuwa taa zimewaka, najua husuda imezidi. Naongeza."

Nikamwonyesha boliti, nikamweleza taratibu, mtu mzima kwa mtu mzima. Alielewa upesi kuliko nilivyotaka. Akakaa kwenye tairi kuukuu.

"Usimwambie. Atasema mimi ndiye niliyekuwa namroga."

Nilimwambia siwezi. Hamisi akiondoka bila kujua, ataendelea kuwachukia majirani wasio na kosa, na Rutamba hatakanyaga. "Mimi sitasema uongo," nikamwambia. "Lakini naweza kuwa nasugua boliti, na wewe ukatangulia kusema."

Hamisi aliporudi niliinamia msasa wangu. Sikusikia yote. Nilisikia Bi Zaituni akisema, "Ni mimi, baba. Nilikuwa nakulinda." Hamisi akaja kuchungulia buti, akaviona vifundo. Kisha Hamisi akauliza, "Mama, kilo nzima ya chumvi?" akaanza kucheka, na mama yake akamchapa begani kwa upindo wa khanga, analia na kucheka pamoja. Nilifunga boliti, nikaipaka grisi, nikawasha gari. Dashibodi ilikuwa safi.

Nimestaafu sasa, magoti hayakubali tena kulala chini ya magari. Msimamizi wa Umeme tulimzika mwaka huu, na mita yake iko kwangu, juu ya kabati. Siitumii. Naifuta vumbi tu. Nikisikia vijana wanabadilisha vifaa kwa kukisia, namgeukia kutaka kumwambia, kisha nakumbuka hayupo.

Hamisi aliendelea kwenda Rutamba mpaka mama yake alipofariki, na bado anakwenda kuzuru kaburi. Safari iliyopita alisimama Mingoyo kunijulia hali. Nikamuuliza habari za gari.

"Halijawasha taa hata moja tangu siku ile, mama fundi," alisema. Akatazama buti. "Kila nikitoka nyumbani nainua lile zulia. Nakuta pakavu, hakuna kifundo."

Nikamkaribisha chai.