Ulisema, Hukusema?

Somoe wa Chang'ombe hajui kukaa. Hata chai anainywa kasimama mlangoni, jicho barabarani. Ukimwambia, "Shoga, keti basi," anakujibu, "Nikikaa nitasinzia, na waongo hawasinzii." Riziki yake ni kushona mapazia, lakini mtaani anajulikana kwa kusuta. Ukizushiwa jambo kwetu, humsumbui mjumbe, unamwita Somoe.

Mie nilimwita kwa ajili ya mwanangu Raudha. Mahari imeshapokelewa, sare zimeshashonwa, mara mama wa Talha, bwana harusi, anapiga simu kutoka Chamazi: harusi isimame kwanza, kasikia binti ana mtoto kamficha Tanga. Mtoto! Raudha huyu ambaye Tanga hajaikanyaga! Msichana hali, hanywi, kajifungia chumbani. Na mie roho juu juu, nafagia ua nilioufagia muda huohuo.

Somoe aliuliza moja tu. "Mama Talha kaambiwa na nani?"

"Apolonia, muuza chapati wa hapa mtaani."

"Basi naye Mama Talha aje. Bila yeye siendi."

Akaja, kanuna. Tukatoka alasiri, wanawake na khanga zetu, matarumbeta mbele. Wallahi nilitaka kukimbia nikamrukie Apolonia nimng'oe nywele. Somoe kanishika mkono, "Tulia we!" Yeye mwenyewe hatulii, kila tukisimama anavua ndara na kuzivaa tena.

Apolonia ni mtu wa bara, mambo yetu haya hajayazoea. Kuona umati ule akashika mwiko. "Mmekuja kunipiga?"

"Hatupigi, hatutukani," Somoe akamwambia. "Kusuta ni kumkutanisha mtu na maneno yake, na aliyeambiwa awepo. Bibi yangu alikuwa akisema nafsi ndiyo iliyoanza kusuta watu. Jirani anakuja pale nafsi ya mtu inapolala. Mama Talha huyu hapa. Ulisema, hukusema?"

"Nilisema," Apolonia akajibu, machozi yanamlenga. "Ila na mie niliambiwa. Mtu alikuwa anakunywa chai hapahapa, akayasema kwa sauti, watu wakacheka."

"Mtu gani?"

Apolonia akainamisha uso. "Badru. Mumeo, dada Somoe."

Matarumbeta yakanyamaza. Jamani! Kwetu wanaume hawasutwi, tangu nizaliwe sijaona. Maneno yetu sie yanaitwa umbea, yao yanaitwa mazungumzo. Nikajua mwanangu ndo basi tena, maana nani atamtoa mumewe mbele za watu? Nilishaanza kujifunga khanga vizuri nirudi zangu nyumbani nikalie.

Somoe akavaa ndara zake. "Pigeni," akawaambia wapiga tarumbeta, akashika njia ya kwake.

Badru alikuwa barazani anacheza drafti na wenzake. Alipotuona akacheka. Alipomwona Apolonia kati yetu, kicheko kikamkauka.

"Bwana Badru," Somoe akamwita, yeye ambaye siku zote humwita baba watoto. "Mama Talha huyu hapa. Apolonia huyu hapa. Ulisema, hukusema?"

"Mke wangu, ule ulikuwa utani tu. Twende ndani tuyamalize."

"Uliyasema nje. Yataisha nje."

Badru akatazama kulia, akatazama kushoto. Wenzake wa drafti kila mmoja alikuwa anatafuta ndara zake.

"Nilisema," akasema. "Nilitunga. Nilitaka watu wacheke. Binti hana mtoto."

Somoe akamvuta Mama Talha mbele. "Rudia, Mama Talha asikie."

Akarudia. Mama Talha akanishika mabega. "Nisamehe, dada yangu. Harusi iko palepale." Vigelegele vikapigwa mtaa mzima, na mie nikalia kwa sauti bila haya. Akapelekwa mtu mbio kumgongea Raudha mlango.

Nilipomtafuta Somoe nimshukuru, nilimkuta kwenye kizingiti cha mlango wake, khanga kajifunika usoni. Alikuwa amekaa.