Mac, Windows na Wali wa Ijumaa

Kila Ijumaa nilikuwa napika wali wa watu wawili wasiopatana. Mmoja ni kaka yangu mkubwa, anayekaa Boko, mtu wa ofisini, anayetumia Windows tangu siku aliyoajiriwa. Wa pili ni mdogo wetu wa mwisho, wa Gongo la Mboto, mchora mabango na matangazo, ambaye tangu anunue Mac yake ya mtumba anazungumza kama mtu aliyetoka kuhiji. Mimi ni wa katikati. Niliachika, nikarudi nyumbani Mwananyamala kuishi na baba, nikajikuta mwamuzi wa ugomvi ambao sina timu ndani yake.

Mwanzo wake ulikuwa wema mtupu. Baba alistaafu ukarani wa bandarini, na mama alipofariki msikiti ukampa ukatibu wa chama cha kuzikana. Matangazo ya misiba alikuwa anayaandika kwa mkono, kwa hati nzuri ya kizamani. Zaidi ya mwaka ukapita hivyo, kisha kaka akamletea laptopu ili asichoke. Hazikupita wiki nyingi mdogo wetu naye akaja na Mac yake ya zamani, akaiweka mezani ubavuni mwa ile nyingine, akasema, "Shikamoo baba. Hii sasa ndo kompyuta." Kaka alipoikuta aliitazama weee, kisha akauliza sinia la nani hili.

Basi ikawa ndiyo hivyo. Wanaswali Ijumaa, wanakuja, wanakaa kila mtu upande wa mashine yake, na mimi nasikia yote kutoka jikoni.

"Hiyo yako kila siku apdeti, kama mgonjwa wa sukari na kliniki," anasema mdogo.

"Yako haina hata pa kuchomeka flashi. Ulinunua kompyuta au ulinunua kiburi?"

"Lakini haiingii virusi, braza."

"Virusi vifuate nini huko? Hamna watu."

Ungekuwa utani peke yake ningecheka. Kuna siku baba aliandika tangazo kwenye Mac, akalifungua kwenye Windows ili alichapishe, mistari ikatawanyika na jina la marehemu likahamia ukurasa wa pili peke yake. Kila mmoja akaapa kwamba ni mashine ya mwenzake iliyomhamisha. Walibishana mpaka wali ukapoa, samaki akapoa, na maiti wa watu kule anasubiri kutangazwa. Wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi, wanasema. Mimi nilikuwa nyasi, na vyombo nikaviosha pia.

Nilichoka. Nafundisha shule ya msingi, darasa limefurika, sauti inaniisha kabla ya Alhamisi, halafu Ijumaa nije nisikilize watu wazima wenye ndevu wakigombania vitufe. Nikamwambia baba achague moja, nyingine airudishe.

"Zote za wanangu hizi, mama," akanijibu. "Nitachaguaje?"

Na mwenyewe alikuwa haachi kuchochea. Anampigia kaka simu, "Hii ya mdogo wako naona inawaka upesi kweli," na Ijumaa inayofuata kaka yupo mlangoni kabla sijakuna nazi, ana kifaa kipya mfukoni cha kuifanya Windows iwake upesi zaidi. Jioni baba anamgeukia mdogo: "Kaka yako kaitengeneza, sasa inaruka." Nilidhani ni uzee, kwamba hajui anachosema kinaumiza nani.

Siku moja kichwa kilinigonga nikaomba ruhusa, nikarudi nyumbani mapema. Baba alikuwa mezani, miwani puani, mashine zote mbili zimewaka. Anaandika huku, anahamishia kule, mistari imekaa sawasawa, jina la marehemu lipo mahali pake. Akachapisha, akalisoma tangazo lake, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akainama, akauchomoa waya wa printa nusu tu, usionekane umechomoka, akachukua simu, akampigia kaka.

"Mwanangu, hii printa imegoma tena. Nahisi ni hii Windows. Ijumaa unakuja?"

Alipokata simu ndipo akaniona.

"Baba, kumbe unajua."

"Nimekuwa karani umri wangu wote, nishindwe na waya?" Hakuona haya hata kidogo. "Wasipokuwa na cha kutengeneza, watakuja kufanya nini hapa?"

"Watakuja kukuona."

"Ule mwaka wa kwanza alipofariki mama yenu, mie nilikuwa mzima tu, sina kilichoharibika. Ulimwona nani?"

Hakuna niliyemwona. Walikuwa wanatuma salamu, na kila salamu ilikuwa na samahani ndani yake ya foleni, kazi, mvua.

Nilikwenda jikoni nimekasirika, nasema kweli. Nilimkasirikia kwa kunipikisha wiki baada ya wiki kwa ajili ya waya aliouchomoa mwenyewe. Halafu nikakasirika zaidi kwa sababu mimi hajawahi kunichomolea waya wowote. Mimi nipo tu, kama meza. Wivu huo ulinishangaza, mtu mzima kama mimi, nikakaa juu ya ndoo jikoni mpaka ukapungua. Ijumaa ilipofika nikapika.

Amani ililetwa na sikukuu ya Idi. Walikuja wote wawili, wakala, wakainamia meza pamoja vichwa vikigusana, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu utotoni. Kila mmoja anamwelekeza mwenzake, kila mmoja anakubali kwamba ya mwenzake nayo ina uzuri wake. Walipomaliza, kaka akaniita.

"Dada, tumekusikia. Si ulisemaga umechoka? Tumeweka programu kwenye zote mbili. Baba akikwama anapiga simu tu, sie tunaziingilia hukohuko tuliko, tunatengeneza. Hamna tena habari ya kuja kuwasumbua."

Wakapeana mikono, wakacheka. Baba alisema alhamdulillahi. Nilimtazama usoni na sikupenda nilichokiona. Nilikuwa nimechoka na vita vyao, sikujua kama nitachoka zaidi na amani yao.

Ijumaa ya kwanza baada ya hapo nilipika kama kawaida, tukala wawili. Iliyofuata nilipunguza mchele. Baba hakulalamika. Aliendelea kuharibu vitu kidogokidogo na kupiga simu, nao wakawa wepisi kuliko zamani, maana kutoka Boko mpaka ndani ya ile mashine hakuna foleni.

Kisha ikaja Ijumaa niliyokuwa jikoni nakwangua ukoko, nikamsikia baba akiita kutoka sebuleni, sauti yake imechangamka.

"Kaka'ako kaja! Mletee maji!"

Nilifurahi jamani. Nilifuta mikono kwenye kanga, nikamimina maji ya baridi kwenye ile glasi ya wageni, nikatoka nayo mbio. Mlango ulikuwa umefungwa. Baba amekaa peke yake mbele ya laptopu, kanzu yake ya msikitini bado mwilini, na kwenye kioo mshale unatembea wenyewe. Unafungua hiki, unafunga kile, unashuka, unapanda. Baba anaufuata kwa macho.

"Kaja," akaniambia, akiuonyesha kwa kidole. Nikadhani anatania. Nikasimama na glasi yangu nikisubiri acheke.

Mshale ukafunga dirisha la mwisho, ukasimama. Likatokea neno kwamba mgeni ametoka. Baba aliendelea kutazama pale uliposimama.

"Kaondoka," akasema. "Hata maji hajanywa."