Magurudumu Mekundu na Kanzu ya Bwana Harusi

Jamani, nichekeni tu, mimi mwenyewe nimeshajicheka vya kutosha, maana ni mimi huyu huyu, mtu mzima mwenye ndevu, niliyewahi kulikimbiza soko zima la Busia bila kushika hata fimbo, na chanzo chake kilikuwa kigurudumu kidogo kuliko kidole gumba.

Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa seremala pale Tororo, kwetu ni Kisoko, na tamaa yangu ilikuwa moja tu, kuajiriwa karakana ya reli. Msimamizi wa karakana alishaniambia, "Othieno, kila mtu anasema anajua mbao. Niletee kitu nione." Basi nikachonga gari moshi dogo, kichwa na mabehewa mawili, kila kitu kama lile linalopita stesheni. Magurudumu yake kumi na mawili niliyakata kwenye vile vigogo vya mbao vinavyobaki uzi wa cherehani ukiisha, alivyonipa Fundi Hamisi, mshonaji wa barazani pale sokoni.

Taabu ikawa rangi. Brashi ya dukani ilikuwa nene, inapaka gurudumu na vidole vyangu pamoja. Nikajitengenezea yangu, manyoya ya mkia wa mbuzi nikayafunga kwenye shina la unyoya wa kuku, ikatoka nzuri, ila mkono wangu ulitetemeka na ukingo mwekundu ukapinda kama njia ya nyoka. Nikakata bati la kopo, nikatoboa tundu la kadiri ya gurudumu, ili rangi isivuke ukingo. Ikapenya chini kwa chini. Ndipo Ijumaa moja Fundi Hamisi, akiondoka kwenda msikitini, akaniambia, "Nilindie baraza, Othieno. Cherehani usiiguse."

"Hewala, fundi," nikasema (macho yangu yalishatua kwenye kile kijiti cha pembeni kinachozungushia uzi).

Nikachomeka gurudumu kwenye kijiti, nikakanyaga pedeli polepole, brashi nikaigusisha tu. Wacha we! Mstari ukajichora wenyewe, mwembamba, umetulia. Nikapaka la pili, la tatu, hadi la kumi na moja, na watu wakaanza kukusanyika, wananisifu, na mimi kichwa kinavimba. Mama Zaituni, muuza uji wa pale kando, akaniita. "Mwanangu, taratibu. Kanzu ya kijana wangu iko nyuma yako."

Kweli, kanzu ya harusi ya mwanawe, ya kuvaliwa kesho yake, ilikuwa imetundikwa mlangoni. Nikamjibu, "Mama, wewe tazama tu," nikachovya brashi mpaka shingoni, nikakanyaga kwa miguu yote miwili.

Rangi iliruka kama mafuta ya moto yaliyotiwa maji. Uso wangu ukapata madoa mekundu, kanzu ikapata kifuani, na gurudumu likachomoka, likapita juu ya vichwa vya watu, likatua ndani ya sufuria ya uji, chubwi! Hakuna aliyecheka. Mama Zaituni alikaa chini akashika tama, na hilo liliniuma kuliko tusi.

"Ni kesho asubuhi, Othieno," akasema. "Kesho asubuhi."

Fundi Hamisi akarudi, akaitazama cherehani, akaitazama kanzu, kisha mimi. "Kitambaa hiki kiko Busia, dukani kwa ndugu yangu. Chukua baiskeli. Ukirudi kabla ya magharibi, nitashona."

Nikaondoka mbio, hata uso sikunawa (hapo ndipo nilipojimaliza). Kufika sokoni Busia, mama mmoja muuza samaki akaniona, akaangusha ungo. "Ndui! Ndui imeingia!" Na watu wa wakati ule waliijua ndui, haikuwa mzaha. Soko likapasuka, huyu kaacha viatu, yule kaacha mizani, maduka yakafungwa pa pa pa, nikabaki peke yangu katikati na askari wa afya aliyeninyooshea fimbo kutoka mbali.

"Wewe! Simama hapo hapo! Usikuje karibu!"

"Ni rangi, afande!"

"Rangi gani inaota kwa uso? Wewe nakwenda kufungiwa!"

Jua linashuka, harusi kesho, na mimi naambiwa nitatengwa. Nikapiga magoti vumbini, nikaomba mafuta ya taa. Ndugu yake Hamisi akanirushia tambara lililolowa mafuta kupitia dirisha la duka lake, nikajisugua mbele ya kadamnasi, doa baada ya doa, mpaka askari akasogea, akanusa shavu langu, akaanza kutikisika kwa kicheko. Soko zima likarudi kuja kunishangaa. Yule ndugu yake Hamisi alinikatia kitambaa cha kanzu huku machozi ya kicheko yakimtoka.

Nilirudi Tororo jua likiwa jekundu, pumzi sina. Hamisi akakaa kwenye cherehani akashona, na asubuhi bwana harusi alitoka anang'aa. Mimi nilijipeleka mwenyewe kuosha masufuria ya pilau. Mama Zaituni akanijia, akanifumbatisha kitu kiganjani: lile gurudumu, limeoshwa. "Malizia kazi yako," akasema.

Nikalimalizia kwa mkono. Jumatatu msimamizi akaligeuza gari langu, akauliza mistari ile nimeichoraje. Nikamweleza yote, hata ile ndui. Akavua miwani, akafuta macho. "Kesho saa moja, Othieno. Usichelewe."

Tangu hapo nimeapa: cha mtu nikikitaka, nakiomba kwanza, na mama wa watu akiniambia taratibu, nasimama kabisa.