Asubuhi Nilizomfuata Mama

Mwezi uliopita walikuja kutupima afya ofisini. Muuguzi, binti mdogo ambaye angeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho, alinifunga ule mkanda wa presha mkononi, akaujaza upepo mpaka vidole vikaanza kufa ganzi, akautazama mshale ukishuka. Akafungua. Kisha akafunga tena.

"Tulia kidogo dada, nipime upya," akaniambia.

Rafiki yangu, mtu akikupima mara moja huna la kuwaza. Ni ile mara ya pili ndiyo inayokutoa jasho. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha ofisi, mjini Dodoma, mtu mzima mwenye watoto wawili na mafaili mezani, lakini moyo ulikuwa umeshakimbilia Miyuji, na nilikuwa na miaka kumi.

Miyuji ya wakati huo haikuwa mji, wala haikuwa kijiji. Nyumba yetu ilikuwa miongoni mwa nyumba za mwisho. Nyuma yake lilianza pori la migunga, na ng'ambo ya pori kulikuwa na vilima vya mawe ambako wenye mbuzi walichungia. Baba alikuwa dereva wa lori. Alikaa nasi siku mbili tatu, akanyoa ndevu, akatuletea ndizi za safarini, kisha barabara ikamchukua tena. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya mama.

Mama alikuwa fundi cherehani. Aliamka kwa adhana, akaswali, akabandika uji wa uwele, akafagia uwanja kabla upepo wa Dodoma haujaamka na kurudisha vumbi lote mahali pake. Akituogesha wadogo zangu watatu na mimi, akitukagua kucha na masikio, tayari kuna mteja barazani anauliza sare ya mwanawe imefikia wapi. Halafu anakaa kwenye cherehani, na akikaa amekaa. Mtoto wa mwisho mgongoni, pini mdomoni, futi shingoni, miguu inakanyaga. Aliinuka kusonga ugali na kuchambua mlenda, akarudi. Siku nzima aliitwa mama, mama, mama: na sisi, na wateja, na muuza maji, na mimi niliyekuwa mkubwa kuliko wote na niliyeita zaidi ya wote.

Kisha ikaja habari kutoka Busi, kijijini kwao mama. Dada yake mkubwa alikuwa ameanguka shambani, akivuna alizeti. Tulipanda basi la Kondoa, mama, mimi na mtoto wa mgongoni. Tulimkuta mama mkubwa amelazwa kwenye mkeka sebuleni. Huyu alikuwa mwanamke aliyeweza kunibeba begani na ndoo kichwani kwa wakati mmoja. Sasa upande mmoja wa uso ulikuwa umeshuka kama pazia lililochomoka msumari, na mkono wa kulia ulilala juu ya tumbo kama mkono wa mtu mwingine. Aliniona, akajaribu kuniita. Kilichotoka hakikuwa jina langu. Nilijificha nyuma ya mama, na mpaka leo naona aibu kwa kujificha kule. Mama yeye alikaa chini, akakiegemeza kichwa cha dada yake kifuani, akamlisha uji kijiko kwa kijiko, akimfuta kidevu na pembe ya khanga.

Tuliporudi, mama alikwenda zahanati. Alinichukua nimshikie mtoto. Muuguzi wa pale alikuwa Mgogo mtu mzima, mwenye sauti ya upole na mikono mizito. Mama alimsimulia ya dada yake, naye akampima presha mara mbili.

"Unafanya kazi gani, mama?"

"Nashona."

"Kutwa umekaa?"

"Nasimama kupika."

Muuguzi hakucheka. "Dawa nitakupa, na chumvi utapunguza. Lakini mwili huu unataka mwendo. Tembea kila siku. Ukizoea, kimbia kidogo kidogo."

"Nikimbie niende wapi, dada yangu?"

"Popote, mradi urudi. Usipoangalia, ya dada yako yatakukuta na wewe, na hawa bado wadogo."

Alisema hawa akinitazama mimi. Nadhani hakujua kwamba mtoto wa miaka kumi anasikia kila kitu na anaelewa nusu, na ile nusu asiyoielewa ndiyo inayomla. Mimi nilielewa hivi: mama anaweza kuanguka dakika yoyote, na kama simwangalii ataanguka.

Tangu siku hiyo nikawa mlinzi. Nilijifunza kusikiliza cherehani. Ikilia, mama yupo hai. Ikinyamaza, niliacha chochote nilichoshika, vyombo, madumu, daftari la hesabu, nikaenda kuchungulia barazani. Mara nyingi alikuwa anatia uzi kwenye sindano tu. "Unataka nini?" aliniuliza. "Hamna," nikasema, nikarudi. Shuleni sikuisikia cherehani, kwa hiyo shuleni ndiko kulikuwa kubaya zaidi. Mwalimu aliniita mara mbili bila kuitika, akanisimamisha kwenye kona, na hata kwenye kona nilikuwa nasikiliza.

Mama alianza kwa kutembea, akaona muda haumtoshi. Saa moja ya kutembea ni saa moja ya uji, ya kufagia na ya wateja. Akaamua kukimbia ili amalize upesi. Hiyo ndiyo sababu yake, wala si nyingine. Alikwenda mnadani akachagua raba za mtumba, za kiume, namba kubwa, mbele akajaza vipande vya vitambaa vya sare. Alivaa gauni lake refu, ndani suruali ya kazi ya baba aliyoikunja miguuni, kichwani mtandio ameukaza. Baada ya swala ya alfajiri, mwanga ukianza kuonekana, alifungua mlango taratibu akatoka.

Na mimi nikatoka nyuma yake.

Ukitaka kujua baridi, kaa Dodoma mwezi wa saba kabla ya jua, umevaa sweta la shule na malapa. Upepo ulikuwa unakata masikio. Mama alikimbia kutoka nguzo moja ya umeme mpaka nyingine, akasimama, akashika kiuno, akahema. Alihema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kama mtu anayesaga. Mimi nilichuchumaa nyuma ya migunga nikihesabu pumzi zake, nikijisemea akifika ishirini hajainuka nitapiga kelele. Aliinuka kwenye kumi na tano, kwenye kumi na nane. Akaenda nguzo nyingine. Kwangu alionekana hana wasiwasi hata chembe. Akigeuka kurudi, nilikata njia ya ng'ambo nikafika nyumbani kabla yake, nikajilaza, miguu imejaa mbigili.

Watu walianza kusema. Jirani yetu, bibi wa Kigogo mwenye mbuzi, alimngojea kwenye zizi lake.

"Shikamoo, mama," mama alisema akipita.

"Marahaba. Nani anakukimbiza?"

"Presha."

"Naiona haina miguu, wewe ndiye mwenye miguu," bibi akajibu, na mbuzi wote wakawa kama wanacheka naye. Kisimani walisema baba ameoa Shinyanga ndiyo maana mama amechanganyikiwa. Mteja mmoja alikuja kuchukua kitambaa chake kabla hakijakatwa, akasema ameghairi. Mama alikikunja vizuri, akampa, akamwuliza hali ya watoto wake. Usiku ule hakula vizuri. Niliona, na nikaongeza hilo kwenye hesabu zangu.

Wiki zikapita. Nguzo mbili bila kusimama, zikawa tatu, zikawa tano. Ungedhani ningefurahi. Lakini kadiri alivyokwenda mbali ndivyo nilivyoshindwa kumfuata, na kadiri nilivyoshindwa ndivyo nilivyoogopa.

Ijumaa moja nikachomwa na mwiba wa mgunga. Uliingia kisiginoni, mguu ukavimba. Kesho yake nilipofumbua macho jua lilikuwa limeshaingia dirishani. Mtoto alikuwa analia. Jiko lilikuwa baridi, uji haujabandikwa. Barazani cherehani imefunikwa. Mama hayupo.

Nilimkabidhi mtoto kwa mdogo wangu anayenifuata, msichana wa miaka saba, nikamwambia asimwachie hata akilia vipi. Nikatoka nachechemea. Kwenye zizi nilimwuliza bibi kama amemwona mama.

"Nimemwona akienda," akasema. Akaangalia jua lilipofika, na uso wake ukabadilika. "Sijamwona akirudi."

Nilikimbia, rafiki yangu. Sijui kisigino kilikwenda wapi, sikukisikia. Nilipita nguzo ya mwisho, nikaingia porini. Kwenye mchanga zilikuwepo nyayo za zile raba kubwa, nikazifuata. Nyayo hazikuwa na mahali zilipokusanyika, mahali pa mtu aliyesimama kupumzika. Zilikwenda tu, moja kwa moja, mpaka chini ya kilima cha kwanza, zikaishia kwenye mawe.

Mama alikuwa amelala chali juu ya jiwe bapa. Raba moja ilikuwa pembeni. Mkono wa kulia uko juu ya tumbo, vilevile, kama nilivyouona Busi.

Sikumbuki nilipiga ukelele wa namna gani. Nakumbuka kware waliruka kwenye majani. Na nakumbuka mama akakaa, akaniangalia, na neno lake la kwanza lilikuwa: "Umemwacha mtoto na nani?"

Nilikaa chini nikalia. Alishuka, akanipandisha kwenye jiwe, akanikalisha karibu yake. Jiwe lilikuwa limeanza kupata joto.

"Nilidhani umekufa," nikamwambia.

"Nilikuwa nimepumzika." Alikung'uta mchanga kwenye gauni. "Nimetoka nyumbani mpaka hapa sijasimama. Nikasema ngoja nikae kidogo. Unajua, tangu nimekuzaa wewe sijakaa mahali ambapo hakuna anayeniita." Akanifuta uso kwa mtandio. "Na hata hapa umekuja."

Hakusema kwa hasira. Ndiyo maana iliniuma.

"Unadhani sikuoni?" akaendelea. "Kila siku nakuona. Nikisimama unachuchumaa. Nikikohoa unanyanyuka."

"Kwa nini hukunirudisha?"

"Ningekurudisha ungeogopa peke yako nyumbani. Afadhali uogope huku nakuona." Aliinama akavaa raba yake. Alipoona kisigino changu alikishika mkononi, akakibinya, akautoa ule mwiba kwa pini aliyoichomeka kwenye gauni, maana fundi hatembei bila pini. "Mguu ukipona, uje. Lakini usikae nyuma. Kaa ubavuni kwangu."

Tulirudi polepole, amenishika mkono. Tulipofika, moshi ulikuwa unatoka jikoni kwetu. Bibi wa mbuzi alikuwa amemfunga mtoto wetu mgongoni, anakoroga uji.

"Umerudi," akamwambia mama.

"Nimerudi."

"Uji wenu mnapika mwepesi sana," akasema, na tangu siku hiyo hakumtania tena. Akimwona anapita, alimfukuza mbwa wake njiani.

Tulikimbia pamoja, mama na mimi, mpaka nilipokwenda shule ya bweni. Presha yake ilishuka, ingawa haikumtoka, na vidonge anakunywa hadi leo. Mama mkubwa aliishi miaka mingine mingi. Mkono haukurudi, lakini jina langu lilirudi mdomoni mwake, na mimi nilijifunza kutojificha. Alipofariki, mama alihamia Busi, kwenye nyumba ileile. Macho ya mama yalikuwa yameshakataa kutia uzi.

Jumamosi baada ya kupimwa kule ofisini, nilikwenda Miyuji kulitafuta lile jiwe. Pori halipo. Kuna lami, kuna kuta ndefu zenye mageti, kuna maua yanayomwagiliwa kwa mpira. Bibi alifariki zamani, na pale kwenye zizi kuna duka la vifaa vya ujenzi. Kilima kimechongwa ubavu mzima. Mawe yamegeuzwa kokoto, yako chini ya nyumba za watu. Nilisimama mbele ya ukuta mmoja nikajaribu kukadiria, nikashindwa. Mlinzi akatoka, akaniamkia kwa heshima, akaniuliza namtafuta nani. Nikamwambia nimepotea njia.

Nikampigia mama simu palepale. Nikamweleza ya presha, na kwamba nimeambiwa nifanye mazoezi, na kwamba sina saa hata moja ya kwangu, na naogopa. Nilimwuliza yeye aliwezaje, maana sikuwahi kumwona akiogopa.

Nilimsikia akiweka kikombe chini.

"Mwanangu, mimi nilikuwa naogopa kila siku," akasema. "Unadhani kwa nini nilikuwa natoka mapema vile? Nilitaka uso ukauke kabla wadogo zako hawajaamka. Wewe ulikuwa nyuma, hukuuona."

Pori limekwenda, jiwe limekwenda, mbuzi na mwenye mbuzi wamekwenda, hayo nilikuwa nimejiandaa kuyakosa. Sikujiandaa kumkosa yule mama asiyeogopa, niliyetembea naye moyoni miaka yote hii. Kumbe hakuwahi kuwepo. Mwanamke niliyemfuata asubuhi zile, nikihesabu pumzi zake, alikuwa ametangulia mbele ili alie, na mimi nilikuwa hatua thelathini tu nyuma yake, sikumsikia.